KWA NINI SIKUISOMA RISALA YA MHESHIMIWA

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na masahaba zake.



Ijumaa iliyopita, tarehe 27 Desemba, mliokuwa safu za mbele mlimwona kijana wa ofisi ya mbunge akinipa bahasha. Mkaona nimeifungua, nimeisoma, kisha nimeitia mfukoni mwa kanzu na kuwaaga. Tangu siku hiyo simu yangu haijanyamaza. Wapo walioniuliza kwa adabu. Wapo walionitumia sauti za dakika tano za lawama tupu. Mmoja amesema nimeshanunuliwa na atakayeshindana naye 2027. Haya. Leo nalijibu jambo hili kwa urefu, mara moja, na atakayelisambaza alisambaze lote, asikate kipande kinachompendeza.

Ndani ya bahasha mlikuwa na risala ya mbunge wetu ya kufunga mwaka 2024. Kurasa nne za rangi, picha kumi na moja. Kijana aliniambia mheshimiwa ameomba niisome kwa waumini kabla hawajatawanyika. Nikamwambia sitaisoma. Akadhani sina miwani.

Jina lake sitalitaja. Aliye hapa anamjua, na aliye mbali hana haja naye, kwa sababu nina hakika wa kwenu ameandika kama hiyo.

Niondoe kwanza jambo dogo, maana najua litaletwa. Kuna ndugu watasema: Sheikh, Januari si mwaka wetu, mwaka wetu wa 1446 ulianza Julai, na wiki hii ni Rajab tu inayoingia. Ni kweli, wala mimi sikati keki. Lakini mtu akikuletea hesabu ya mali yako humwambii aende akarudi nayo Muharram. Mheshimiwa ameleta hesabu. Tuitazame kama hesabu.

Mimi nimefundisha nahau madrasa kwa miaka zaidi ya ishirini, basi nisameheni nikiisoma karatasi kama mwalimu wa nahau. Katika Kiarabu kuna kitenzi kinachoitwa majhuul, ambacho mtendaji wake hatajwi. Husemi Zaid alivunja mlango. Wasema mlango ulivunjwa, na mlango unakaa mahali pa Zaid na kuitwa naibul-faa'il. Wanafunzi wangu wa zamani mnakumbuka mlivyokuwa mkiteseka nayo. Sasa ichukueni risala. Imegawanywa sehemu mbili: siasa za nchi, na jamii ya nyumbani. Sehemu ya kwanza, ukurasa mmoja na nusu, yote ni majhuul. Mswada ulipitishwa. Mswada ulirudishwa. Maisha yalipotea. Baraza la mawaziri lilivunjwa likaundwa upya. Naibu wa Rais aliondolewa. Utadhani mtu anasimulia mvua ya masika, ilinyesha, ikakatika, sisi tulikuwa barazani tukitazama.

Kisha ufungue sehemu ya pili, na ghafla mtendaji ameamka usingizini. Nimetoa basari. Nimejenga madarasa. Nimeezeka mabati. Nimechimba kisima. Nimefuturisha. Nimegharimia mazishi. Nilianza kuzihesabu hizo "nime" kwa kalamu, nikafika thelathini na tisa, nikachoka.

Ndugu yangu, hebu tulia hapa kidogo. Kifungu cha 95 cha Katiba yetu ya 2010 kimeeleza Bunge la Taifa lina kazi gani. Linawakilisha wananchi. Linajadili mambo yanayowagusa. Linatunga sheria. Linagawa mapato ya nchi na kuyakagua matumizi yake. Linaisimamia serikali. Kisome chote, uniambie kama umeona bati. Kwa hiyo pale tulipomtuma, hayupo hata mstari mmoja. Pale ambapo hatukumtuma, yumo kila mstari. Na hiyo ndiyo karatasi niliyotakiwa niwasomee nyinyi msikitini, nyumba ya Allah, kama hesabu ya amana.

Tuchukue Juni, maana ndiyo siku ya mtihani. Serikali ilileta Mswada wa Fedha, ikitaka kuongeza mapato kwa kiasi cha shilingi bilioni 346. Mwanzoni mkate ulikuwa utozwe VAT ya asilimia 16, na mwenye gari alipe kila mwaka asilimia 2.5 ya thamani ya gari lake. Watu wakapiga kelele, na tarehe 18 Juni hayo mawili yakaondolewa pamoja na mengine. Mengi yakabaki. Jumanne tarehe 25 Juni wabunge wakapiga kura ya mwisho. Ndiyo 195, la 106, na kura tatu ziliharibika. Mchana huohuo vijana wakaingia bungeni na risasi zikalia. Kesho yake Rais akasema hatautia sahihi. Kufikia mwisho wa mwaka Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu watu 60 waliokufa katika maandamano ya miezi ile.

Sasa jumlisheni wenyewe. Bunge la Taifa lina wabunge 349. Ndiyo, la na zilizoharibika ni 304. Wapo zaidi ya arubaini ambao hawakuhesabika upande wowote. Orodha ya majina ilichapishwa magazetini, nami nimeisoma mara mbili. Wa kwetu hayumo kwa waliosema ndiyo. Hayumo kwa waliosema la.

Na risala yake inasema mwaka huu alisimama na wananchi.

Alisimama wapi? Huenda alikuwa na udhuru. Mgonjwa, msiba, safari iliyokuwa imepangwa kabla. Mimi simdhanii ubaya, dhana mbaya ni dhambi. Lakini mtu mwenye udhuru huutaja, na katika kurasa nne zenye picha kumi na moja palikuwa na nafasi ya mstari mmoja. Picha ya nne ni yeye na mbuzi. Tungeweza kumkosa mbuzi.

Wapo wanaomtetea kwa kusema: angefanya nini yeye mmoja mbele ya 195? Hiyo hoja naisikia sana. Wale 106 nao kila mmoja alikuwa peke yake alipobonyeza. Siku ya Kiyama hatuendi kwa makundi ya vyama, wala hutaambiwa ulikuwa upande ulioshinda au ulioshindwa. Utaulizwa wewe, na mkono wako, na ulimi wako. Hadithi ya mchunga na kundi lake mnaijua, tumeisoma hapa mara nyingi kutoka kwa Bukhari na Muslim: hakuna aliyeachwa nje ya swali lile, kuanzia imamu mpaka mtumishi katika mali ya bwana wake. Mchunga hajibu kwamba chui walikuwa wengi. Hujibu alikuwa wapi.

Wala msidhani mambo yaliisha Juni. Kuanzia Oktoba mfanyakazi anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa bima mpya ya afya, na mgonjwa akifika hospitali anazungushwa. Desemba zikatiwa sahihi sheria nyingine za kodi, na baadhi ya yale tuliyoyakataa Juni yakaingia kwa mlango wa uani. Katikati ya hayo, mwezi wa Oktoba, wabunge zaidi ya 280 walipata nafasi na haraka ya kumwondoa Naibu wa Rais. Simtetei Gachagua, sina deni naye. Nasema tu kwamba siku ile waheshimiwa walipatikana. Mambo ya wakubwa kugombana yana akidi, mambo ya mkate hayana.

Risala inajivunia pia kwamba sasa Pwani tuko karibu na meza. Ni kweli, tangu Agosti baadhi ya viongozi wa upinzani wameingia baraza la mawaziri, na Hassan Joho wa kwetu Mombasa amepewa madini na uchumi wa bahari. Tunamwombea Allah amfanyie wepesi. Lakini swali la mimi mtu wa kawaida ni hili: wote wakishakaa mezani, nani kabaki kuangalia jikoni? Bunge ndilo lililowekwa kuangalia jikoni. Mbunge anayeniambia kwa furaha kuwa yeye naye amepata kiti cha kulia, ananiambia ameacha kazi yake.

Nije kwa basari, maana najua hapa ndipo wengi wenu mnaposhikwa, na mimi pia. Pesa zile si zake. Mfuko wa CDF ulianzishwa kwa sheria ya 2003, na kwa sheria iliyofuata ya 2015 haupungui asilimia 2.5 ya fungu la serikali ya kitaifa katika mapato ya nchi, ukagawanywa kwa maeneo bunge 290. Ni ushuru wa muuza mahamri na wa mwenye tuktuk. Tarehe 20 Septemba Mahakama Kuu imeamua kwamba sheria ile ya 2015 haipatani na Katiba, na mfuko ukome ifikapo 30 Juni 2026. Risala inasema mahakama inataka kuwanyang'anya watoto wetu elimu. Hapa, ndugu yangu, kuwa macho. Mahakama haikusema mtoto asilipiwe karo. Mtoto alipiwe, na alipiwe zaidi ya anavyolipiwa sasa. Lililokataliwa ni kwamba anayepitisha bajeti na kukagua matumizi yake awe ndiye huyohuyo mwenye mkono ndani ya mfuko, tena kwa kazi ambazo nyingine ni za kaunti. Asiye hakimu anaelewa hilo. Nani amewahi kumpa mwizi wa maembe, au hata mtu mwaminifu, ulinzi wa mwembe na kazi ya kuhesabu maembe pamoja?

Kuna kisa katika Bukhari na Muslim, kimepokewa na Abu Humayd as-Sa'idi (RA), nacho kinatosha kuwa khutba nzima. Mtume (SAW) alimtuma mtu mmoja, maarufu kwa jina la Ibnul-Lutbiyya, akakusanye zaka. Aliporudi akaitenga mali mafungu mawili. Hili lenu, na hili nimezawadiwa mimi. Mtume (SAW) akapanda mimbari, akamhimidi Allah, kisha akauliza habari ya mtumishi anayetumwa kisha anarudi na maneno kama hayo. Kwa nini asingekaa nyumbani kwa baba yake na mama yake, akangoja aone kama zawadi zile zingemfuata huko? Kisha akaonya kwamba atakayechukua kitu katika mali ile atakuja nacho Siku ya Kiyama amekibeba shingoni, ngamia akivuma, ng'ombe akilia, au kondoo.

Angalieni mambo mawili. La kwanza, kipimo. Mheshimiwa wetu kageuza kile kisa. Yule alipokea kwa ajili ya cheo akasema ni changu. Huyu anagawa kilicho chetu, na kinachorudi, yaani shukrani, dua, kura na picha, anakitia mfukoni kama chake. Basi tumuulize swali lilelile. Angekaa nyumbani kwa baba yake, hizo basari angezitoa wapi? Aali Imran aya ya 188, kaisomeni usiku na tafsiri yake, imewaonya watu wanaopenda kusifiwa kwa jambo wasilolifanya.

La pili ni jibu kwa wale wanaoniambia nasiha kwa kiongozi ni ya siri. Mtume (SAW) alilisema lile juu ya mimbari, mbele za watu, lakini katika maneno yale hakumtaja mtu jina. Nami ndivyo nifanyavyo leo. Siri niliitanguliza, na itakuja habari yake. Lakini mwenye kuleta hesabu hadharani na kutaka isomwe hadharani, hawezi kudai ajibiwe chumbani.

Sasa niseme jambo ambalo limenifanya niandike, maana hayo yote ya juu ningeweza kuyavumilia kama nilivyoyavumilia miaka iliyopita.

Jumamosi asubuhi, siku moja baada ya ile bahasha, alinijia mama mmoja wa mtaa huu. Nakala za risala ziligawiwa mlangoni, na yeye aliletewa na mtoto. Hajui kusoma herufi hizi, Qur'an anaisoma. Akaifungua ukurasa wa tatu, akaweka kidole juu ya picha ya saba. Ni futari ya Ramadhani iliyopita, uani kwa msikiti. Mheshimiwa kakaa, kashika tende. Nyuma yake amesimama kijana na sinia la viazi karai, anacheka. Yule kijana ni mwanawe. Fundi wa simu, miaka 23, amehifadhi juzuu tano hapa kwetu. Mwezi wa Septemba, baada ya Isha, alichukuliwa kibandani kwake na watu wanne wasio na sare, wakamtia garini. Hajaonekana mpaka leo.

Mama akaniambia: Ustadh, hii karatasi yasema nini kuhusu mwanangu?

Nikamsomea maandishi yaliyo chini ya picha. Yanasema mheshimiwa anafuturu pamoja na vijana wake. Nikanyamaza, kwa sababu hapakuwa na zaidi. Akaniuliza tena kama ndiyo basi. Nikamwambia ndiyo basi. Akasema: ikiwa ni wake, mbona hamuulizii?

Wallahi sikuwa na jibu, na mimi ni mtu wa maneno.

Siri niliyoitaja ni hii. Septemba nilikwenda ofisi ya mbunge mara mbili na yule mama. Oktoba nikaandika barua, nikaacha nakala kwa karani na kupigiwa mhuri. Jibu lilikuja kwa mdomo wa msaidizi: jambo lile ni la usalama wa nchi, si la eneo bunge, na mheshimiwa anashughulika na maendeleo. Mmeiona sasa ile migawanyo miwili ya risala inavyofanya kazi? Kijana akibeba sinia, ni jamii ya nyumbani. Kijana akitiwa garini, ni siasa za nchi. Picha yake ina mwenyewe, kupotea kwake ni majhuul.

Na mimi nasema hakuna mgawanyo huo. Siasa za nchi ni mkate ulio mezani kwako, ni makato katika karatasi ya mshahara wa mumeo, na ni kitanda kimoja kisicholaliwa katika nyumba ya pili kutoka msikitini. Tulimtuma Nairobi ili nyumba ile isikike huko. Tarehe 26 Desemba, siku moja kabla sijapewa bahasha, Tume ya Haki za Binadamu ilisema tangu Juni imepokea habari za watu 82 waliotekwa, na wengine hawajulikani walipo. Nchi nzima inalizungumza. Kurasa nne hazina neno.

Katika hili sisi wa Pwani tungepaswa kuwa walimu. Mwezi wa Desemba 2016 shirika la Haki Africa la Mombasa lilitoa ripoti ya watu 81 wa Pwani waliouawa au kupotezwa katika muda wa miaka michache. Wengi walikuwa Waislamu. Wakati ule Nairobi haikulia nasi, tuliambiwa wetu ni magaidi na mambo yakaisha hivyo. Leo wanalia wao, na haki yao walie. Mbunge wa Pwani alikuwa awe wa kwanza kusimama aseme: hili tunalijua, kwetu lilianza zamani. Sisemi kila aliyechukuliwa hana kosa, mimi si hakimu. Mwenye kosa apelekwe kortini. Kifungu cha 49 cha Katiba kinataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Tangu Septemba ni saa ngapi?

Sasa nigeuke upande wetu, maana kumlaumu mheshimiwa peke yake ni rahisi na nisipoangalia nitakuwa mnafiki.

Ile futari ya picha ya saba, nani alimkaribisha? Mimi. Nani alimpa kipaza sauti baada ya Maghrib, watu wamekaa na njaa ya kungoja Isha na Tarawehe? Mimi. Nani alimwombea dua ndefu akamwita baba wa mayatima? Hii video ipo, msiitafute, nawaambia mwenyewe. Pale shule ya msingi ukutani jina lake limeandikwa kubwa kuliko jina la shule, na siku ya kufungua yale madarasa mimi ndiye niliyesoma Fatiha. Barua za basari ngapi nimezitia mhuri wa msikiti, nikimwandikia kama anatoa kwake? Tumemzoesha sisi. Tunamwalika harusini, tunamngoja mazikoni maiti akiwa jua kali, tunamwita harambee, na hatujamwuliza hata siku moja mswada wa wiki hii unasema nini. Akija mikono mitupu tunasema huyu hafai. Akija na bahasha hatumwulizi alipokuwa. Kwa nini basi aandike alivyopiga kura? Anaandika tunachonunua.

Vijana wetu wengine wamejitoa kabisa. Wanasema bunge ni la kitaghuti, siasa ni uchafu, tuwaachie wenyewe. Wanangu, wengi wenu mlisoma kwa basari hizohizo, na nyinyi ndio mnaochukuliwa. Uchafu ulioukimbia haujakukimbia.

Imebaki hoja moja, ile ya minong'ono. Kwamba ni Muislamu mwenzetu, tukimwaibisha kiti kitaenda kwa mwingine. Nakumbusha tu kisa cha yule mwanamke wa Makhzum aliyeiba, wakubwa wakamtuma Usama bin Zayd (RA) akamwombee, na Mtume (SAW) akakasirika akamtaja binti yake mwenyewe Fatima (RA), kwamba hata yeye asingesamehewa mkono. Mtu wa damu yake, sembuse mtu wa chama. Ndugu yetu tunamtaka abaki ndugu. Ndiyo maana tunamwuliza angali duniani, ambako jibu bado lina faida.

Kwa hivyo tutafanya nini? Ramadhani ni miezi miwili kutoka sasa, na futari za waheshimiwa zinakuja. Kwangu mimi nimeshaamua, na kamati ya msikiti tumekaa Jumapili usiku tukaafikiana. Wawili walipinga, na haki yao. Mheshimiwa akija kuswali, karibu, msikiti ni wa Allah, akae safu anayoikuta. Akileta tende tutamwambia azipeleke kwa majirani zake kimyakimya apate thawabu zake. Kipaza sauti hatapewa mpaka ajibu kwa maandishi alikuwa wapi tarehe 25 Juni, na ameuliza nini bungeni kuhusu kijana wetu, siku gani, na amejibiwa nini. Majibu hayo nitayasoma mimi mwenyewe, herufi kwa herufi, hata yakiwa kurasa nne. Maimamu wenzangu wa misikiti ya jirani nimewapigia. Wawili wamekubali, mmoja amesema anafikiria, mmoja ana paa linavuja na ameniambia ukweli wake. Simlaumu, nami tumchangie.

La pili, kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi bungeni kuhusu jambo lolote lililo chini ya mamlaka yake. Hahitaji kuwa mkubwa, wala kupitia kwa msaidizi. Wakili mmoja wa mtaa wetu amelichapa ombi la yule mama bila malipo, Allah amlipe. Linataka Bunge liulize kijana yuko mikononi mwa nani. Limeandikwa mtendaji atajwe.

Ijumaa hii, tarehe 3 Januari, litakuwa juu ya meza upande wa kulia wa mlango, baada ya swala. Kina mama wataletewa upande wao. Njooni na kitambulisho. Mama yake ameshaweka dole gumba, mimi nimetia sahihi chini yake, na kuna mistari mia mbili mitupu. Kalamu mtazikuta.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.